Mfuko wa maziwa uliundwa kwa ajili ya lori

Juni 1 ni tarehe yenye mambo mawili hapa nchini. Ni kilele cha Wiki ya Maziwa, na ndiyo siku ambayo mwaka 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Kila mwaka ikikaribia, mazungumzo mawili hupishana njiani bila kusalimiana. Upande mmoja, wataalamu na viongozi wanasoma takwimu ile ile: mtu anashauriwa kunywa lita 200 za maziwa kwa mwaka, Mtanzania anakunywa zaidi kidogo ya 60, na katika hizo zilizopitia kiwandani ni sehemu ndogo mno. Dawa inayotajwa ni elimu: wananchi waelimishwe, waachane na maziwa ya dumu, wanunue yaliyosindikwa. Upande wa pili wapo wanaouliza kwa nini rambo limezuiwa wakati mfuko wa maziwa, ambao nao ni nailoni, bado umejaa madukani.

Nadhani pande zote mbili zinapiga hodi nyumba siyo. Mama wa Nkuhungu au Chang'ombe, hapa Dodoma, anayeupita mfuko wa nusu lita kwenye friji la Mangi wa dukani na kumsubiri muuza maziwa wa baiskeli hakukosa elimu. Amepiga hesabu. Na kasoro kubwa ya mfuko ule haiko kwenye nailoni yake. Mfuko uliundwa ili maziwa yafike dukani salama, na hapo kazi yake ikaishia. Kufunguliwa, kumiminwa, kufungwa tena, kusimama, kukaa hadi jioni katika nyumba isiyo na friji: hayo yote hakuna aliyeyaweka kwenye hesabu wakati unachorwa. Tukilielewa hilo, mjadala wa marufuku unabadilika, na mjadala wa elimu unabadilika zaidi.

Vifungashio tunavyovijua vina historia, na historia hiyo inaeleza mengi. Mwaka 1951, mjini Lund, Sweden, Ruben Rausing alianzisha kampuni ya Tetra Pak kwa wazo la kuvutia: karatasi inakunjwa kuwa bomba, bomba linajazwa maziwa, kisha linabanwa kwa joto, mbano mmoja umelala na unaofuata umesimama, na kila baada ya mbano inadondoka pakiti yenye pembe nne. Waliosoma Kenya enzi za Rais Moi wanaikumbuka vizuri, maana ndiyo pembetatu ya maziwa ya Nyayo yaliyoanza kugawiwa shuleni mwaka 1979. Kiwandani lilikuwa wazo safi, kwa sababu karatasi haikupotea. Lakini pakiti ile ilihitaji kreti lake maalumu ili ipangike, na ukishaikata pembe hujui uiweke vipi. Mwaka 1963 likaja boksi la mstatili, lile tulilonalo hadi leo. Lilitibu ugonjwa upi? Ule wa kupanga: maboksi ya mstatili yanakaa bega kwa bega kwenye rafu na kwenye lori bila kuacha nafasi. Kumimina kulibaki vile vile kwa miaka mingi, yaani kata kona kisha mwombe Mungu.

Mfuko wa nailoni nao una asili ya aina hiyo hiyo. Roli la nailoni linaingia kwenye mashine, linakunjwa kuwa bomba, linaunganishwa kwa mshono wa wima, linabanwa chini, maziwa yanashuka, linabanwa juu. Mbano huo mmoja ndio unaofunga kichwa cha mfuko mmoja na kitako cha mfuko unaofuata. Mifuko mizuri ina tabaka jeusi kwa ndani na jeupe kwa nje, kwa sababu mwanga unaua vitamini B2 iliyomo kwenye maziwa na kuyapa ladha ya kadibodi. Ni kazi ya ustadi kweli. Mfuko wa lita moja una uzito wa gramu tano au sita hivi, wakati boksi la lita moja linafika kama gramu 30. Kwa maziwa yanayotoka Iringa kwa barabara ya Mtera, au Tanga, hadi maduka ya Dodoma, hakuna njia nyepesi na ya bei nafuu kuliko hiyo.

Sasa upeleke mfuko huo jikoni. Umejaa na kukaza kama puto, na mara nyingi hauna alama ya pa kukatia. Mkasi uko kwenye begi la mtoto wa shule. Kisu kinateleza kwa sababu mfuko umelowa ubaridi wa friji. Kwa hiyo yanatumika meno. Na hapa kuna jambo ambalo watu hulichukulia kama uzembe wao wenyewe: ili uung'ate mfuko lazima uushike kwa nguvu, na ile nguvu ndiyo inayorusha maziwa nje punde tundu linapopatikana. Vijiko vitatu vya mezani ni kama mililita 45, karibu asilimia 9 ya nusu lita, vimekwenda sakafuni kabla sufuria haijaguswa. Maji yakimwagika hayazoleki. Maziwa yana la ziada, kwamba kesho yake jikoni kunanuka. Kile kipande cha kona kilichokatwa nacho kinatemwa, kinapeperushwa uani. Upepo wa Dodoma hauna mzaha, na miiba ya nje ya mji inaweka kumbukumbu ya kila tunachotupa.

Baada ya kufunguliwa, mfuko hauna mahali pa kukaa. Haujisimamii na haujifungi. Watu wanauegemeza ndani ya kikombe kikubwa, wanaubana kwa kibanio cha nguo, wanaufunga kwa uzi wa gunia. Mimi niliwahi kuuegemeza kwenye jagi ndani ya friji, umeme ukakatika usiku, mtu akafungua friji gizani akitafuta maji, na asubuhi droo ya mboga ilikuwa na supu nyeupe. Wengi hawafiki huko, kwa sababu wanamimina maziwa yote kwenye sufuria na kuyachemsha papo hapo. Tafakari maana yake. Kiwanda kimeyapasha maziwa moto hadi nyuzijoto 72 kwa sekunde 15, kimeyafunga kwenye mfuko safi, kimeyasafirisha kwenye baridi mamia ya kilomita. Mnunuzi anayatoa humo, anayatia kwenye sufuria iliyofutwa kwa kitambaa cha jana, anayachemsha upya. Kwa matumizi hayo, mfuko ule wa kitaalamu umefanya kazi ya mfuko wa kubebea tu, na aliyeununua amelipia usafi ambao hakuutumia.

Boksi lina heshima yake. Maziwa ya joto la juu, yale yanayopitishwa kwenye nyuzijoto zaidi ya 135 kwa sekunde chache, yanaweza kukaa miezi nje ya friji yakiwa yamefungwa. Kwa mji wenye joto na umeme unaokatika, hiyo ni zawadi. Lakini muda huo mrefu unakufa siku unapofungua. Kuanzia dakika hiyo ni maziwa kama mengine, na boksi la lita moja katika nyumba isiyo na friji ni mkataba wa kunywa lita moja siku hiyo hiyo. Halafu lile tundu. Maziwa yakitoka, hewa lazima iingie, na kama njia ni moja vinapokezana: ndiyo sababu ya ule mdundo wa glogloglo na matone yanayoruka hadi kwenye kitambaa cha meza. Kuna ujanja mdogo ambao ungepaswa kuchorwa kwenye kila boksi: limimine tundu likiwa upande wa juu, si wa chini, ili hewa ipite juu ya maziwa. Yanatoka kimya kama maji ya bomba. Watu wengi wanaishi miaka na maboksi bila kuambiwa hilo, kwa sababu nafasi ya kuliandika imechukuliwa na picha ya ng'ombe wa Ulaya kwenye majani mabichi ambayo wilaya yetu ya Bahi haijawahi kuyaona.

Nikirudi kwa yule wa baiskeli, ushindani wake unaeleweka zaidi. Anakuuliza unataka ya shilingi ngapi. Ukisema ya jero anapima ya jero, ukisema ya buku anapima ya buku. Chombo ni sufuria yako, kwa hiyo hakuna cha kukata wala cha kutupa. Maziwa yanatoka kwenye dumu na kwenda jikoni moja kwa moja. Ukikosa hela leo, anakuandika. Hata ubaya wake unajulikana: kila mtu anajua lazima yachemshwe, na yanachemshwa. Sitetei dumu, maana dumu lenyewe ni chombo kibovu kuliko vyote. Shingo yake ni nyembamba, mkono hauingii, mabaki yanagandia kwenye mshikio na pembe ambazo brashi haizifiki, na kila asubuhi maziwa mapya yanapandwa vijidudu vya jana. Maziwa mabichi yanabeba pia magonjwa kama brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na asiyechemsha anacheza na moto. Ninachosema ni kwamba mfumo wa yule mwuzaji, ukiuondolea uchafu wake, umepangwa kwa kumfuata mnunuzi tangu mwanzo hadi mwisho. Ule wa kiwanda umepangwa kwa kumfuata dereva wa lori.

Na hata kwenye vyombo vya kubebea ushahidi upo kwamba mchoro unaweza kufanya kazi ambayo semina imeshindwa kuifanya. Wenzetu wa Kenya wana keni ya plastiki ya lita 10 iitwayo Mazzi, iliyobuniwa kwa ajili ya wafugaji wadogo. Mdomo wake ni mpana kiasi cha mkono mzima kuingia na kuosha, na ina faneli nyeusi inayomwonyesha mkamuaji mabonge ya ugonjwa wa kiwele hapo hapo anapokamua, kabla maziwa mabaya hayajachanganyika na mazuri. Anayekamua anaosha kwa sababu mkono unaingia, na anaona mabonge kwa sababu chini yake ni peusi.

Sasa tuzipime hoja. Iliyo dhaifu kuliko zote ni ile inayotaka mfuko wa maziwa upigwe marufuku kama rambo, au kama viroba vya pombe vilivyoondolewa Machi 1, 2017. Mfano wa viroba haufai hata kidogo: viroba viliondolewa kwanza kwa sababu vilifanya pombe kali iwe rahisi kununuliwa na kufichwa mfukoni na mtoto wa shule. Urahisi ule ule ambao kwa pombe ulikuwa balaa, kwa maziwa ndio tunaoutafuta. Mfano wa rambo una nguvu kidogo, lakini kanuni za mwaka 2019 zenyewe ziliacha vifungashio vya vyakula, na rambo lilikuwa na mbadala wa papo hapo, yaani kikapu na mfuko wa kitambaa. Mfuko wa maziwa ukiondoka leo, kinachochukua nafasi yake ni kitu gani? Ni boksi, ambalo karibu robo tatu ni karatasi, na robo iliyobaki ni plastiki na alumini, vyote vimegandishwa pamoja kiasi kwamba kuvitenganisha kunahitaji kiwanda chake. Au chupa ya plastiki yenye uzito mara kadhaa wa mfuko. Au, na hili ndilo ninaloliogopa, ni dumu lile lile pamoja na chupa za maji zilizookotwa, ambazo tayari zinajazwa maziwa na kupangwa kando ya barabara. Kuondoa gramu tano za nailoni kwa njia hiyo ni kumpa mtoto ugonjwa ili mbuzi asile nailoni.

Hata hivyo wenye hoja hii wana jambo moja ambalo halijibiwi kwa kejeli. Mfuko wa maziwa hauokotwi. Chupa ya maji inaokotwa kabla haijapoa, kwa sababu ina bei kwa kilo na kilo haichukui muda kutimia. Mfuko wa gramu tano unahitaji wenzake 200 ili kutimiza kilo, tena ikiwa imeoshwa, maana plastiki iliyoganda maziwa inanuka na hakuna anayeitaka. Mwisho wake ni dampo la Chidaya, au tumbo la ng'ombe anayezurura mitaani. Ng'ombe kula mfuko uliobeba maziwa ya ng'ombe mwenzake ni jambo ambalo Mgogo wa zamani, aliyehifadhi maziwa kwenye kibuyu na kukitumia miaka, asingeliamini. Kwa hiyo dai la mazingira lina haki ya kujibiwa. Jibu lake ni mfuko ambao ukifunguliwa haupotezi kipande, na ambao una sababu ya kurudi dukani.

Hoja nzito ni ya wasindikaji: bei. Wanasema, na ni kweli, kwamba mnunuzi wetu anahesabu shilingi hamsini, kwamba malighafi ya vifungashio kwa sehemu kubwa inatoka nje, na kwamba kizibo cha kuzungusha au kitako cha kusimama vinaongeza gharama ambayo mwishowe inambana mfugaji kwenye bei ya lita. Ndiyo maana mimi siungi mkono wanaotaka kila mfuko uwe na kizibo kama wa Ulaya. Lakini hoja ya bei inakubalika mpaka pale inapoanza kutumika kukataa mabadiliko yasiyo na bei. Kidokezo cha kuchania, yaani mkato mdogo pembezoni mwa mshono, ni suala la umbo la kisu cha mashine kinachotenganisha mifuko. Mstari wa kuonyesha pa kukata ni wino ambao tayari unatumika kuchapa jina la kampuni. Kona inayochanika ikabaki imeshikamana na mfuko ni suala la mchanio usiofika mwisho. Ulaya wamelazimisha kitu cha aina hii kwa vizibo: tangu Julai 3, 2024, vizibo vya plastiki vya vyombo vya vinywaji hadi lita tatu, pamoja na maboksi ya maziwa, lazima vibaki vimeshikamana na chombo. Watu walilalamika kwamba vinagusa pua wakinywa. Wamezoea.

Wapo wanaopendekeza chupa za kioo za kurudishwa, na kwa nini zisifae wakati sisi ni wabobezi wa mfumo huo? Chupa ya soda huondoki nayo dukani. Unaacha hela, au unakunywa umesimama, na kreti linarudi kiwandani. Nakubali uzuri wake, ila naona mambo mawili yanayoukwaza hapa kwetu. Kwanza ni uzito. Chupa ya kioo ya lita moja inabeba mamia ya gramu, kwa hiyo lori kutoka Iringa lingekuwa linasafirisha kioo kingi na kurudi na kioo. Pili ni maji. Maziwa yakikauka kwenye chupa hayatoki kama soda. Yanahitaji maji moto na magadi makali, na Dodoma ni mji ambao maji yake kwa sehemu kubwa yanategemea visima vya Mzakwe na foleni za ndoo tunazijua. Chupa za kioo zitafaa siku ambayo usindikaji utakuwa karibu, kwa wafugaji wa Kongwa na Chamwino, na safari ya chupa ikawa ya bajaji. Kwa sasa ni ndoto ya miji yenye maji.

Mashine za kuchotea maziwa, zile zilizoenea Nairobi na miji mingine ya Kenya kwa jina la ATM za maziwa, zinakaribia zaidi kile ninachokitetea. Maziwa yaliyokwisha kusindikwa yanaletwa kwenye tangi la baridi, mnunuzi anaweka chombo chake na hela yake, anapata ya jero. Delhi ya India imekuwa na vibanda vya maziwa ya kupima kwa sarafu maalumu tangu miaka ya 1970. Mfumo huo unamchukua mnunuzi kama alivyo, na unaondoa kifungashio kabisa. Udhaifu wake ni umeme na uaminifu wa anayesafisha mirija. Mashine moja isiyooshwa ni dumu lenye taa. Pale Majengo au Sabasaba, ambako soko lina msimamizi na mkaguzi anafika kwa miguu, naona linawezekana. Mtaani, kwenye kibanda cha bati chenye joto la Oktoba, mfuko utaendelea kuwapo, kwa hiyo tusiukwepe.

Jimbo la Ontario, Kanada, lina somo ambalo hatujalichukua. Huko, mfuko laini wa maziwa ni bidhaa ya kawaida tangu nchi hiyo ilipohamia kwenye lita miaka ya 1970: mifuko mitatu kwa pamoja inatimiza lita nne. Familia tajiri zenye friji kubwa zinanunua mfuko ule ule ambao sisi tunauona wa kimaskini. Kilichoufanya uishi ni jagi. Kila nyumba ina jagi la plastiki lililotengenezwa kwa kipimo cha mfuko. Unautumbukiza, unaugonga mezani ukae chini, unakata kona ndogo, unamimina kwa mshikio wa jagi. Sehemu ya kusimama na ya kushika vimetolewa kwenye mfuko na kuwekwa kwenye chombo kinachonunuliwa mara moja. Hiyo ndiyo njia ya kujibu hoja ya bei: kila mfuko ubaki gramu tano, na gharama ya mchoro mzuri ikae kwenye jagi litakalodumu miaka. Viwanda vyetu vinatengeneza ndoo, mabeseni na majagi ya kila rangi. Sijawahi kuona, katika duka lolote la vyombo Dodoma, jagi lenye mfuniko lililopimwa kwa mfuko wa nusu lita wa maziwa. Kampuni ya maziwa itakayoligawa kwa mnunuzi atakayerudisha mifuko 50 iliyooshwa itakuwa imejibu pia swali la nani ataokota.

Kuna na jambo la hapa kwetu tu. Hewa ya Dodoma ni kavu. Wanaoishi Tanga au Dar es Salaam wakifunika chupa kwa kitambaa kibichi hawapati baridi ya maana, kwa sababu hewa yao imekwisha kushiba maji. Hapa, mtungi wa udongo unapoza maji kweli, na kitambaa kibichi kivulini kinakauka kikichukua joto. Mfuko mwembamba wa nailoni, ukilazwa kwenye beseni la maji chini ya kitambaa kama hicho, unapoa upesi kuliko boksi, ambalo karatasi yake ikilowa inalegea. Hautafika nyuzijoto nne, na maziwa hayatalala hadi kesho, lakini kati ya asubuhi na saa kumi jioni tofauti ipo. Kwa maana hiyo, mfuko unaodharauliwa unafaa kanda ya kati kuliko pengine popote nchini, mradi uwe mdogo wa kutosha kumalizika ukifunguliwa. Ukubwa wa mililita 200 ungeuzwa kwa bei ya yule wa baiskeli. Wasindikaji watasema mifuko midogo inakula nailoni zaidi kwa kila lita, na ni kweli. Lakini maziwa yaliyochacha ndani ya mfuko mkubwa yamekula ng'ombe, majani, dizeli na nailoni kwa pamoja.

Maandishi sitayasemea kwa kirefu, ingawa yananiudhi. Tarehe ya mwisho inachapwa kwa nukta ndogo juu ya mshono unaong'aa, mahali ambapo ubaridi unaifuta na kidole kinaimalizia. Maelekezo yanasema hifadhi kwenye nyuzijoto nne, kana kwamba kila mnunuzi ana kipimajoto na umeme. Yanayohitajika ni maneno matatu manne ya Kiswahili yaliyonyooka: maziwa haya yamekwisha kupashwa moto kiwandani; ukifungua bila friji, yatumie leo. Na mwezi wa tarehe uandikwe kwa jina lake, kwa herufi ambazo bibi anaweza kuzisoma bila miwani. Kuna vibandiko vinavyobadilika rangi maziwa yakikaa kwenye joto muda mrefu. Kwa kila mfuko ni ghali, lakini kimoja kwa kila kreti kingemfanya mwenye duka ashindwe kukana kwamba friji lilizimwa usiku ili kuokoa luku.

Yote haya yanamgusa mfugaji kuliko anavyojua. Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Maziwa yanafurika wakati huo na kukauka kiangazi, na bei inayumba nayo. Nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30 ingepaswa kuyatoa maziwa ya Machi na kuyauza Septemba, na kinachoyavusha ni kifungashio. Mnunuzi wa kawaida akikikataa jikoni, kiwanda hakina sababu ya kupanua, na maziwa ya Machi yanabaki kuwa ya kugawa kwa majirani. Kwa hiyo umbo la kona ya mfuko ni sehemu ya uchumi wa mifugo, hata kama halijawahi kupewa kikao chake.

Wizara ya Mifugo na Uvuvi iko hapa hapa Mtumba, na Bodi ya Maziwa iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Viwango tulivyonavyo vinapima maziwa kwa umakini: mafuta, vijidudu, maji yaliyoongezwa. Ningependa kuona kipimo kimoja zaidi kabla kifungashio kipya hakijaingia sokoni. Wapelekwe watu ishirini wa kawaida kutoka Nkuhungu na Bahi, wakiwemo mtoto wa miaka kumi na bibi wa miaka sabini, saa nane mchana mwezi wa Oktoba, katika chumba kisicho na friji wala mkasi. Kila mmoja apewe mfuko, kikombe, na mtu wa kuandika: ameufunguaje, yamemwagika kiasi gani, kona imeangukia wapi, na yaliyobaki yamewekwa kwenye nini hadi jioni.